Sare ya Fundi Mansuri

Baba yangu, Mansuri, ni fundi cherehani hapa Mbugani, mjini Kyela. Tangu mitumba ijae sokoni, kazi yake kubwa ni kupunguza suruali na kurudishia vifungo. Muda unaobaki anacheza sataranji na watu asiowaona: unaandika hatua moja kwenye kadi, unaipeleka posta, unasubiri jibu. Mchezo mmoja unaweza kumaliza mwaka! Kete zake ni vifungo. Mfalme ni kifungo cha koti, askari ni vya shati.

Mwaka 1993 chama chao cha sataranji kilimwandikia kwamba asipopata hata sare moja, jina lake litafutwa kwenye orodha. Yeye ni daraja la nne, wa mwisho kabisa. Mchezo uliobaki ulikuwa na Bwana Eliya wa Tanga, daraja la kwanza.

"Utamweza, baba?"

"Sijui, mwanangu. Lakini kadi zangu anazijibu. Mtu mkubwa vile!"

Siku moja alirudi kutoka posta, akalinganisha ubao na daftari lake la hatua, akaganda.

"Nasma! Askari mweusi wa hapa yuko wapi?"

"Nimemshonea mteja wako Ambilikile kwenye shati," mama alijibu toka jikoni. "Juzi alikuwa anawahi gari la Busale. Ningemwacha aende kifua wazi?"

Baba akakaa chini. Kadi aliyotoka kuiposti ilipeleka ngome yake, kete kubwa, mdomoni mwa askari huyohuyo. Kwetu hayupo, Tanga yupo! Na hatua ikishatumwa hairudi.

Wiki tatu hakugusa ubao. Jibu likaja: ngome imeliwa. Baba akapanga vifungo kwa unyonge, halafu akasimama ghafla. Askari yule, kwa kuila ngome, alikuwa ameacha mfalme wake wazi. Malkia wa baba akaanza kumtishia mfalme, huku, kule, huku, kule, bila mwisho, na kwa sheria za sataranji hiyo ni sare.

Kadi chache baadaye Bwana Eliya akaandika: "Nakubali sare. Kuitoa ngome vile ni ujasiri! Ulifikiri siku ngapi?"

Nilimwambia baba apokee sifa, anyamaze.

"Mtu amenijibu mwaka mzima, nimdanganye?"

Akaandika yote, shati na gari la Busale, na chini: "Shukrani ni za mke wangu, Nasma." Akamsomea mama, naye akacheka hadi akajifuta machozi kwa kanga.

"Ndaga fijo, asante sana, fundi! Basi na mimi niandikishwe chamani."

Jina la baba halikufutwa. Na kadi iliyofuata kutoka Tanga, juu yake iliandikwa: Bi Nasma, Kyela.