Mashauri ya Mama Chini ya Muziki

Tangu macho ya baba yazimike, picha za mama ukutani zimebaki zetu sisi tunaoona. Yeye alitaka sauti. Mama alifariki kabla ya simu za kurekodi kuzagaa nyumbani kwetu, na mahali pekee aliposema mbele ya kamera ni kwenye harusi yangu, alipopewa kipaza sauti anishauri kama mama wa bibi harusi. Mashauri hayo yalikuwa kwenye DVD. Mashine ya kuichezesha iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu, na televisheni mpya haijui diski, inataka flashi.

Nikaipeleka DVD mjini, kwa fundi mwenye kibanda nyuma ya maduka ya simu, aihamishie kwenye flashi. Diski ilikuwa imekwaruzika kama sufuria ya kusongea bukari. Kompyuta yake ilikwama, ikaenda, ikakwama tena, nami nimekaa roho juu, nawachukia hata wapita njia waliokuwa wanacheka.

“Yote imepita, mama,” fundi akasema mwishowe. “Picha iko muzuri.”

Nilimshukuru mpaka akaona haya.

Nyumbani nilimkuta baba amevaa shati safi, amesogeza kiti karibu na televisheni. Nikachomeka flashi. Muziki ukaanza. Wageni wanaingia, muziki. Keki inakatwa, muziki. Mama akasimama, akashika kipaza sauti, midomo ikaanza kwenda, na wimbo ukaendelea juu yake.

Hapo ndipo nilipokumbuka kazi ya wapiga kamera wetu. Kwao maneno ya watu ni kelele. Harusi nzima hufunikwa kwa nyimbo za mapenzi, tangu kanisani hadi kwenye chakula, na sisi tuliona ni fahari. Zamani tuliitazama video hiyo mama mwenyewe akiwa amekaa kati yetu, akitania mavazi ya kila mtu. Nani angetafuta sauti yake kwenye diski?

“Mama yako eko wapi?”

“Ameshaanza kusema, Papa. Ni muziki njo unamufunika.”

Nilikuwa na hasira ya kutaka kuvunja kitu.

“Angalia mudomo yake,” baba akasema. “Uniambie.”

Siku ile nilikuwa nimeinamisha kichwa kama bibi harusi anavyotakiwa, nalia, sikushika mengi. Sasa nikakodoa macho. “Anasema nivumilie. Anasema nisilale na hasira.” Sijui kama nilikuwa nasoma au nakisia.

Ndipo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiangalia. Baba wa kwenye picha, ndani ya suti yake, alimvuta mama mkono wa gauni, akaigonga saa ya mkononi mwake kwa kidole. Mama akageuka, mdomo ungali wazi. Akarudisha kipaza sauti, akakaa.

“Sasa anasema nini?”

“Amemaliza.”

“Mbio hivi?” Baba alikunja uso. “Mama yako hakukuwaka muntu wa kumaliza mbio.”

Nilimtazama, nikaumia kwa ajili yake.

“Kamera ilikata, Papa.”

“Bale ba kamera,” akawalaumu, “banaharibishaka vitu ya bantu.” Akapapasa hadi akaupata mkono wangu. “Rudisha nyuma. Uniambie tena.”

Nikarudisha. Nikamwambia tena yale ya kuvumilia na ya hasira, kisha nikaisimamisha picha kabla baba wa siku ile hajamgusa mama.