Sufuria la Kupeleka Msibani

Mzee wa nyumba iliyo juu ya yetu alifariki alfajiri, na jua lilipopanda mwanamke mmoja alikuwa tayari anapita mlango kwa mlango akigawa majukumu. Hawa watoe viti, wale turubai, nyumba ile mchele. Nilikuwa na miezi kadhaa Kirumba, katika chumba kimoja kwenye mteremko wa mawe unaotazama ziwa, na ukiacha mwenye nyumba, hakuna mtu aliyewahi kunigongea kabla yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe binti unayekaa peke yako, utaleta chombo cha kuchemshia maji ya chai. Tunapikia nje, kwa kuni."

Akaondoka kabla sijamuuliza kikubwa kiasi gani.

Mimi nilikuwa na jagi la umeme tu. Nilitoka mkoa wa Mara baada ya kumaliza chuo, nikaja Mwanza kutafuta kazi, na siku zangu zote zilifanana: naandika maombi ya kazi, nachemsha maji ya kikombe kimoja, nakunywa, naandika tena. Nilishaanza kuwaza kwamba nikiumwa nikafa mle ndani, watu watajua kwa harufu. Sasa mtaa ulikuwa umeniomba kitu. Nikipeleka chombo kinachofaa, nitakuwa mmoja wao. Nikikosea, watasema ndivyo walivyo hawa waliosoma, wanajifungia ndani, na wakitoka hawana msaada.

Nikaingia kwenye simu kutafuta chombo bora cha kuchemshia maji kwenye moto wa kuni. Zilikuja video za wazungu wapanda milima, wamekaa msituni na vibirika vyepesi vyenye mikono ya kukunja, wakibishana kuhusu uzito wake. Nilitazama nyingi mno. Vyombo vyote vile vilikuwa vya mtu mmoja. Nikazima simu.

Nikapanda hadi msibani kama mtu anayepita tu kwenda dukani, nikapatazama mahali pa moto. Hawakuwa wametafuta mafiga. Kulikuwa na majabali mawili yaliyokaribiana, wakaongeza jiwe la tatu mbele, na katikati zikawaka mbao za makreti mabovu ya samaki kutoka soko la Mwaloni. Nilikadiria upana wa nafasi ile kwa macho, kisha nikashuka nimetanua mikono mbele yangu ili kipimo kisipotee. Mtoto mmoja alinipisha njia.

Dukani nilisimama muda mrefu. Birika lina mdomo mwembamba, moshi hauingii kwenye maji, lakini mkono wake ni wa plastiki na kwenye kuni utayeyuka. Debe lina mkono wa waya na fundi amelikata vizuri, ila limewahi kubeba nini? Rangi? Dawa ya kuogeshea ng'ombe? Nikiua watu msibani je? Sufuria lina mdomo mpana, linachemka haraka na ni rahisi kuchota, mradi liwe na mfuniko unaokaa sawasawa. Nililifunika na kulifunua kwa ule mfuniko mpaka muuzaji akachoka.

"Dada, unanunua sufuria au unachumbia?"

"Ni la msibani."

"Basi marehemu atazikwa wewe ukiwa bado hapa."

Nikachukua kubwa kuliko yote niliyoweza kubeba. Nyumbani nililiosha, nikalifuta kwa kitambaa hadi nikaona uso wangu ndani yake. Nikalipeleka likimetameta kama limetoka kiwandani, na hapo ndipo nilipokosea.

Wanawake walilipokea kwa mikono miwili. "Jipya hili!" mmoja akasema. "Tusimharibie binti wa watu." Likapelekwa ndani, likawekewa vikombe, likafunikwa kitenge. Nje, majabalini, yakapandishwa masufuria meusi kama mkaa, kila moja na alama ya mwenyewe, huyu doa la rangi, yule tundu kwenye kishikio. Mimi nikakaa pembeni ya mkeka. Hakuna aliyenipa kisu wala ungo. Waliongea Kisukuma kwa sauti ya chini, wakaniheshimu kama anavyoheshimiwa mgeni. Nilirudi chumbani bila kuinama hata mara moja kwenye moto.

Kesho yake, siku ya mazishi, niliingia moja kwa moja ndani, nikaondoa vikombe kimoja kimoja, nikatoka na sufuria langu.

"Naomba na hili liwekwe motoni."

Mama aliyekuwa akisukumia kuni alinitazama. "Litakuwa jeusi hilo."

"Liwe tu."

"Umelipaka?"

"Kulipaka nini?"

"Majivu! Jamani, huyu alitaka kulipeleka motoni uchi!"

Wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, kisha wakakumbuka mahali walipo, wakashusha sauti. Mmoja akachanganya majivu na maji kwenye kifuu, akanisukumia. "Paka nje, masizi yatatoka kirahisi. Nje, si ndani!"

"Hilo nalijua, mama."

"Tutajuaje kama unajua?"

Nilipaka. Kipimo changu kilikuwa na kasoro, likakaa upande, ikabidi tulichomekee kipande cha jiwe. Nikachochea, moshi ukanitoa machozi, na nadhani waliopita walifikiri ninamlilia mzee ambaye sikuwahi hata kumsalimia. Maji yalichemka. Watu walikunywa chai. Hakuna aliyeniuliza jina.

Baada ya mazishi kila mtu alichukua chombo chake. Langu halikuenea popote chumbani, nikalifudikiza nyuma ya mlango, na kila nilipoufungua, mlango uliligonga. Nilisalimia watu, nao wakaitikia, ikaishia hapo. Nikaanza tena kuchemsha kikombe kimoja, nikijiuliza kama ningepeleka debe ingekuwaje, au kama tatizo halikuwa chombo.

Mchana mmoja nikasikia hodi. Alikuwa yule mama wa kugawa majukumu.

"Sufuria lipo?"

"Lipo, mama."

"Kuna sherehe ya kipaimara kwenye nyumba ya bondeni." Akaingia, akalishika kishikio, akalivuta kutoka nyuma ya mlango kama anayejua siku zote lilikokaa. Nilisimama na peni mkononi. Niliwaza kwamba sasa sufuria ndilo limekuwa mtu wa mtaa na mimi ndiye ninayelitunza. Niliwaza kwamba nikiuliza atanionea huruma, na nisipouliza ataondoka.

"Na mimi nije?"

Aligeuka kama nimeuliza jambo la kijinga. "Kwani litajichemshia? Shika upande huo, zito hili."

Nikafunga mlango, nikashika.