Pipa Lililoanza Kusema

Siku yangu ya kwanza kazini Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikabidhiwa gunia la mifupa ya ng'ombe. Nimetoka chuoni na koti jeupe lililopigwa pasi, nategemea chupa na mizani! Mkuu wa Maabara ya maji, mtu mrefu asiyejua kucheka, akaniuliza, "Binti, unaogopa mifupa?"

"Siogopi, Mkuu."

"Vizuri. Kachome."

Ninyi mnaofungua bomba na kunywa, sikilizeni. Visima vyetu vingi vina floraidi, madini yasiyo na rangi wala harufu. Yakiwa kidogo hayana neno. Yakizidi, meno ya watoto hugeuka kahawia na miguu hupinda. Tuliyachuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa. Unaichoma kwenye tanuru lisiloingiza hewa nyingi mpaka iwe nyeusi tii, unaiponda, unaiosha, unajaza pipa. Maji yakipita, mkaa huinasa floraidi. Ila mkaa nao hushiba, na ukishashiba maji hutoka maangavu vilevile, na ubaya wake wote.

"Usiyaulize macho," Mkuu alizoea kusema. "Uliza dawa." Dawa ya kupimia ilikuwa nyekundu. Kwenye maji salama ilibaki na wekundu wake. Floraidi ikizidi, wekundu ulikimbia ukaacha rangi ya njano. Miaka yote ile sikuzoea kuuona ukikimbia.

Baadaye nikahamishiwa Kishapu, chini ya Mhandisi wa Maji, nizungukie mapipa ya vijijini kwa baiskeli. Huko alikuwepo Mzee Masanja, mfugaji aliyefiwa na mkewe, Mama Shija. Shija mwenyewe, mtoto wao, alikuwa mtu mzima anayetembelea fimbo, magoti yakigombana kwa ajili ya maji ya utotoni. Binti yake Shija, Kabula, alikuwa bado hajaota meno ya ukubwani. Kwa ajili yake ndiyo tukaweka pipa. Mzee alileta tanuruni mifupa ya fahali aliyechinjwa kwenye msiba wa mkewe, nami sikuona ubaya. Mfupa ni mfupa.

Nilipokwenda kupima tena, wekundu ulikimbia.

"Baba, mkaa umeshiba. Leo tunaumwaga."

"Mayu," akaniita kwa heshima ya Kisukuma, "huyu humwagi. Anaongea."

"Nani anaongea?"

"Mama Shija. Weka sikio."

Nikacheka, mimi na mdomo wangu huu. Kabula akamimina maji juu, nikainama. Haki ya Mungu, nilimsikia mwanamke. Maneno hayakuwepo; ilikuwa pumzi, kisha mnong'ono, kisha ule mguno wa mama mtu mzima anayejiinua kwenye kigoda. Mchana kweupe, kuku wanaparura uani! Mwili ulinisisimka mpaka nyayoni.

"Alianza lini, baba?"

"Baada ya kuvuna pamba. Mwanzoni pipa lilikuwa kimya kabisa."

Hapo nikaelewa, ingawa kuelewa hakukuniondolea woga. Mkaa ukichakaa husagika na kushikamana, maji hujichimbia njia ya mkato ubavuni mwa pipa, na hewa hupanda ikiguna. Sauti ilikuwa imeanza pale mkaa ulipokufa.

Kabula akakinga kikombe. "Bibi ananiambia ninywe," akasema, akakipeleka mdomoni.

Nikakishika kile kikombe. "Baba, maji haya ndiyo yaliyompinda Shija."

Mzee akamtazama mwanawe aliyeegemea mlango, kisha mjukuu.

"Mama Shija asingempa mtoto kitu hicho," akasema mwishowe. "Mwaga. Ila mimi nisione."

Akaenda zizini, akatupa kisogo. Tukamwaga mkaa ule, tukajaza mwingine wa mifupa ya machinjioni. Kabula akamimina ndoo. Pipa likanyamaza, na dawa ikabaki nyekundu.

"Bibi ameenda wapi?" mtoto akauliza.

Mzee alipoagana nami alisema, "Wabeja, mayu. Asante. Umenizikia mke mara ya pili." Nilipanda baiskeli nikilia.

Nikahamishwa tena, mpaka Mwakitolyo kwa wachimbaji, ambako waliniuliza kama mkaa wangu unanasa dhahabu. Jamani! Kote nilifundisha lile lile: pimeni, na pipa likianza kusema, msingoje kupima.

Sasa nimestaafu. Pipa la nyumbani kwangu alilijaza marehemu mume wangu kwa mikono yake, msimu wake wa mwisho. Juzi limeanza kukohoa. Ni kikohozi chake kabisa, kile cha asubuhi kabla hajaomba chai. Mjukuu wangu anakunywa humo.

Sikuhangaika na dawa. Niliketi kando yake nikamsikiliza mpaka maji yakaisha, nikamwambia niliyokuwa sijawahi kumwambia. Kisha nikamwita jirani aje na koleo.

"Mwaga," nikamwambia, nikageukia ukuta. "Ila mimi nisione."