Gari Lisilochemsha

Lilikuwa linachemsha. Naanza na hilo nilimalize, maana kwa muda mrefu nililikana mbele ya kila aliyeniuliza: majirani wa Kanyenye hapa Tabora, wenzangu wa kazini, mdogo wangu wa kiume aliyeko Mwanza, na hata fundi mwenyewe, ambaye kumficha yeye ni sawa na mgonjwa kwenda hospitali akiwa ameficha kidonda mfukoni. Pikapu ya marehemu baba ilikuwa inachemsha. Ikishachanganya mwendo, mshale wa joto ulipanda taratibu kama mtu anayejiandaa kusimama mkutanini, na ukishasimama haukai. Nilining'iniza kitambaa mbele ya geji, nikasema ni kwa ajili ya vumbi. Nilibeba madumu ya maji nyuma, nikasema ni ya kumwagilia bustani. Sina bustani.

Kiswahili chetu kina ukatili kidogo katika neno hili. Gari likizidiwa na joto tunasema limechemsha. Mtu akishindwa jambo mbele za watu, naye tunasema amechemsha. Kwa hiyo kila nilipoulizwa kama bado linachemsha, mimi nilisikia lile swali la pili, na ndilo nililolijibu.

Chanzo chake ni mama. Anaishi peke yake kijijini, mbele ya Sikonge, katika nyumba waliyoijenga na baba, na kuku wake, na kanisa la Moravian ambalo akikohoa uani wanamsikia. Mvua za mwaka juzi alianguka pale kando ya kisima akiwa na ndoo. Goti lilivimba, likashuka, lakini halikurudi kuwa goti tena. Mimi na mdogo wangu tukakubaliana kwamba ahamie kwangu mjini. Mdogo wangu akaja na gari lake jipya lenye kiyoyozi, tukaenda wote, akalisimamisha mlangoni kabisa ili mama asihangaike kutembea. Mama akalizunguka, akalisifu mpaka matairi. Akatuchinjia kuku, akatufungia asali ya kuondoka nayo. Kisha akasema kwa upole:

"Nitakuja, wanangu. Siku gari la baba yenu litakapokuja kunichukua, nitapanda."

Gari la baba lilikuwa nyuma ya nyumba, limezama kwenye majani hadi milangoni, na kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mdogo wangu alicheka njia nzima ya kurudi. Mimi nilikuwa napanga. Mtu aliyefaulu mitihani mingi maishani ana udhaifu huo: akipewa sharti, hudhani amepewa swali.

Tuliipandisha pikapu kwenye lori lililokuwa linarudi Tabora tupu baada ya kushusha mbolea. Mama alisimama akaipungia mkono, kama anayemsindikiza mgeni aliyekaa kupita kiasi. Sikumwangalia usoni vizuri. Siku hizi natamani ningemwangalia.

Fundi wangu ni Mgogo, nami ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, na anayejua utani wetu ataelewa kwamba nilikuwa nimepeleka gari kwa mtu mwenye ruhusa ya mababu kunitukana. Uwanja wake uko nyuma ya maduka, Kanyenye, chini ya turubai. Ni mwanamume mwenye sauti kubwa, asiyekosa jibu hata kabla ya kufungua boneti. Aliizunguka pikapu, akapiga teke tairi, akaniambia babu zangu walitoka hapa hadi pwani na pembe za ndovu mabegani na hawakuhitaji gari, sasa mimi nimeingiwa na nini. Nikamjibu kwamba babu zake walikaa njiani wakingoja kutoza misafara hongo ya maji, na naona ukoo haujabadilisha biashara. Tukawa tumeelewana.

Injini iliwaka upesi kuliko tulivyotegemea, na hilo ndilo lililotuharibu akili. Tulidhani kazi imekwisha. Kumbe klachi ilikuwa inateleza: injini inanguruma, gari linasogea kama maandamano ya harusi. Akabadilisha klachi. Sasa likawa linakwenda, lakini likizidi mwendo wa baiskeli linatetemeka kutoka chini, ng'ong'ong'ong'o, mpaka meno yanagongana. Fundi akasema ni giaboksi, kwa uhakika wa mtu aliyeizaa. Akaishusha giaboksi, akaifungua, akakuta haina kosa, akairudisha. Palibaki bolti moja mkononi. Aliitazama, akaitia mfukoni, akaniambia kiwandani nao huwa wanazidisha.

Baadaye akasema ni raba za kushikilia injini. Zikabadilishwa, likatetemeka vilevile. Mwishowe alilala chini ya gari kwa sababu ya kivuli tu, nadhani, akaushika mtaimbo wa propela, ule unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi nyuma, akautikisa. Ukacheza. Kros yake, yaani kile kiungo kinachouruhusu kupinda ukizunguka, ilikuwa imelika kama jino bovu. Akaweka mpya. Nililiendesha gari kuzunguka mitaa na halikutetemeka hata kidogo, na siku hiyo nilimpigia mama nikamwambia ajiandae. Akasema sawa, mwanangu, hakuna haraka.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba ugonjwa wa kwanza ulikuwa unauficha wa pili. Gari linalotetemeka haliwezi kukimbizwa, na gari lisilokimbizwa halikuwa na sababu ya kupata joto. Mara tu lilipotulia nilianza kukanyaga mafuta, na mara nilipokanyaga mafuta likaanza kuchemsha.

Nililipeleka Kwihara kulijaribu. Si mbali, na njia ni ileile iliyopitiwa na misafara, kwa hiyo nilijiambia walioipita kwa miguu hawanishindi. Nikampita mwanamume mwenye baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba kwa sauti ya mwenye gari. Mbele kidogo, karibu na kibao cha lile tembe, nyumba ya kale ya udongo iliyogeuzwa makumbusho, mvuke ulitoka chini ya boneti na kioo kizima kikawa cheupe. Nimesimama pembeni na dumu mkononi, yule wa mkaa akanifikia. Hakushuka. Alisema pole, mama, akaendelea kukanyaga pedali. Kundi la wanawake waliotoka shamba na majembe walisimama kuniangalia namwaga maji. Mmoja akauliza kama ni gari la watalii. Mwingine akamwambia hapana, watalii huwa wanafika.

Fundi aliponiuliza safari ilikwendaje, nikasema vizuri, joto lilipanda kidogo tu kwa sababu ya jua.

Kwa uongo huo nikamtuma kutafuta kitu asichokijua. Alibadilisha pampu ya maji. Akapeleka rejeta kuzibuliwa na kuchomelewa. Akanunua mfuniko mpya wa rejeta na mkanda mpya wa feni. Kila mara nilirudi nikasema nafuu ipo, na kila mara alisikia katika sauti yangu kwamba haipo, akaongeza kitu. Ndipo ikafika zamu ya themostati. Mafundi wetu wana imani moja inayowaunganisha Waislamu, Wakatoliki na Walokole: gari likichemsha, ng'oa themostati. Nilikuwa nimesoma juu ya jambo hilo, na nikamtolea mhadhara. Nilimweleza kwamba themostati ni bawabu wa maji, huyazuia mpaka injini ipate joto lake, kisha huyafungulia yaende kwenye rejeta kupoa. Huponyi nyumba kwa kumfukuza bawabu. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Akaing'oa.

Ilikuwa Juni. Asubuhi injini haikupata joto kabisa, likawa linakohoa na kunywa mafuta. Mchana, nikikanyaga, likachemsha kama zamani. Sasa lilikuwa na magonjwa mawili yanayopokezana zamu. Themostati ilirudishwa bila yeyote kati yetu kuizungumzia.

Nilikuwa nimechoka. Nilichukia harufu ya maji yenye kutu kwenye sketi zangu. Nilichukia namna majirani walivyoacha kuuliza, maana kuacha kuuliza ni jibu. Mdogo wangu alikuwa ananipigia kila Jumapili, akisema tumwambie mama ukweli kwamba gari limeshindikana na tumlete na la kwake, kabla mvua nyingine hazijamkuta kwenye kile kisima. Mimi nikasema liko karibu kupona. Nilijua kabisa kwamba mama akianguka mara ya pili, atakuwa ameanguka akisubiri gari langu.

Siku niliposalimu amri haikuwa na jambo lolote kubwa. Fundi alikuwa amekaa kwenye tairi anakunywa chai, akaniuliza kwa mara ya mia, bila utani safari hii, gari linachemsha wakati gani hasa. Nikatazama kitambaa changu kinavyoning'inia mbele ya geji. Nikakivuta.

"Nikikimbia," nikasema. "Nikienda polepole halichemshi kabisa. Nikikimbia linachemsha, na limekuwa linachemsha tangu Kwihara."

Akaweka kikombe chini.

"Mtani. Mimi nimefungua injini yote hii kwa sababu ya jua la Kwihara?"

Alitembea hadi mwisho wa uwanja na kurudi. Kisha akaniamuru nipande niliwashe, akaniuliza nikiwa kwenye lami injini inaliaje. Nikasema inalia sana, kama inataka gia nyingine ambayo haipo. Akaniambia nilizime. Akainua nyuma kwa jeki, akachora alama ya chaki kwenye propela na nyingine kwenye tairi moja, akalifunga tairi la pili lisizunguke. Mimi nikazungusha tairi, yeye akahesabu mizunguko ya propela. Akaniambia nirudie. Propela ilikuwa inazunguka mara nyingi kuliko inavyopaswa, akasema. Lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, difu, halikuwa la pikapu hii. Lilikuwa la gari la kuvuta mizigo: lina nguvu, lakini kila unapotaka mwendo linaifanya injini ikimbie mbio za kujiua. Aliniuliza baba alikuwa anabeba nini. Nikasema mbao na asali, kutoka porini, kwenye mchanga. Akacheka, kwanza kwa hasira, halafu kwa raha. Mzee alilifunga mwenyewe, akasema, na alijua anachofanya. Barabara ya Sikonge imewekwa lami, gari limebaki la mchanga. Akaniambia nitafute difu ya mwanzo, ile ya kiwandani. Wazee wa aina hiyo hawatupi chuma.

Nikampigia mama palepale, nimesimama kando ya turubai.

"Shikamoo, mayu," nikasema. Ndivyo tunavyowaita mama zetu kwa Kinyamwezi.

"Marahaba, mwanangu. Limepona?"

Nilifungua mdomo kusema limepona. Badala yake nikamuuliza kama baba aliwahi kubadilisha chuma kikubwa cha nyuma ya gari, na kile cha zamani kilikwenda wapi.

"Kipo."

"Kipo wapi?"

"Si ndicho unachokalia jikoni ukija kunimenyea karanga."

Nakijua. Kimefunikwa gunia. Nimekikalia miaka yote tangu baba afe, na kila mara sketi zangu zilirudi mjini na doa la mafuta, nikalaumu karanga.

"Mayu, mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza." Halafu akaongeza: "Ningekuambia, ungelitengeneza."

Fundi alikuwa ananisikiliza waziwazi. Alinitazama usoni, akachukua kikombe chake, akaenda kukaa mbali.

Nikamuuliza nilichopaswa kumuuliza siku ile ya kuku na asali. Nikamuuliza kama anataka kuja.

"Ndugu yako ameleta gari zuri mpaka mlangoni," akasema. "Ningewaambia sitaki? Mtu hawafukuzi watoto wake hivyo. Nikasema gari la baba yenu. Nilijua halitoki pale. Sikujua wewe utalibeba."

"Na goti?"

"Goti linauma. Huko kwako lingeuma vilevile, tena bila kuku."

Nikamwambia tunaogopa kisima. Akasema hata yeye anakiogopa, na kama tungemuuliza kisima badala ya kumuuliza safari, angetujibu mapema. Anataka tangi kubwa la plastiki la kukingia maji ya bati, na mtu wa kufunga mifereji kabla ya mvua. Nilete kwa gari la baba. Lina nguvu ya kuvuka mchanga wa huku na tangi mgongoni, gari la ndugu yangu lingezama. Nikasema sawa. Nikasema nitampigia ndugu yangu leo. Nikamwambia pia kwamba lami ni ndefu na gari linachemsha.

"Baba yako hakuwahi kulichemsha," akasema. "Nenda polepole."

"Basi nikija nitaichukua ile difu, fundi aifunge."

"Iache," mama akasema. "Ukija utakalia nini?"