Anika, anua, anika tena: Teodora na mwamba wa mtani wake

Jua ndiyo kwanza linachungulia, na Teodora Maige tayari yuko juu ya mwamba, miguu pekupeku, kiuno kimepinda, anageuza majani ya kunde aliyoyaanika jana. Yaliyokauka anayavutia kwenye ungo. Yakitoka tu, anamwaga mengine mabichi palepale, jiwe lisipate hata nafasi ya kuonekana.

Anatazama juu. Anatazama ziwani. Halafu anatazama nyumba ya jirani, ile yenye mlango wa bati, na kuongeza kasi.

"Ameamka yule," anasema kwa sauti ya chini. "Akikohoa mara mbili ujue anatafuta viatu."

Yule ni Nkwabi: mtoto wa shangazi yake, jirani yake, mtani wake. Na mwamba huu unaomhangaisha Teodora hivi, hapa Igombe, kandokando ya Ziwa Victoria, ni mali ya Nkwabi.

Bustani ndiyo ya Teodora. Iko pale chini karibu na maji, ambapo udongo unabaki na unyevu hata Agosti, wakati huku juu nyasi zimegeuka rangi ya mbwa. Amepanda kunde, matembele, ngogwe na viazi vitamu. Yeye na mumewe Yeremia, fundi baiskeli, wana watoto watano, na mahindi ya shambani hayajawahi kuwafikisha mbali.

Kwa hiyo kinachovunwa kiangazi hakiliwi chote. Majani ya kunde yanachemshwa kidogo, yanaanikwa, yanakuwa nsansa. Viazi vinamenywa, vinakatwakatwa, vinaanikwa, vinakuwa michembe. Kuna mwaka mvua iliwachezea, na kuanzia Desemba mpaka Februari familia ilikula mlo mmoja kwa siku. Mlo wenyewe ulikuwa michembe ya kuchemsha na karanga za kutwanga.

"Watu wanadhani sisi wa ziwani tunashiba samaki," anasema huku akiokota kokoto iliyojichanganya na majani. "Samaki anapanda gari anakwenda soko la Kirumba. Mimi nabaki na harufu."

Yeremia alimtengenezea uchanja wa miti na wavu. Ni mzuri, Teodora mwenyewe anausifu, ila unabeba ndoo mbili za majani wakati mwamba unabeba bustani nzima. Tena jiwe linatunza joto. Jua likishazama, chakula kinaendelea kukauka kama kiko kwenye kikaango kilichoepuliwa sasa hivi. Bibi yake alianika hapa, mama yake alianika hapa, na hakuna aliyewahi kuuliza jiwe ni la nani mpaka viwanja vilipopimwa na likaangukia upande wa kina Nkwabi.

Hata hapo Teodora hakujali. Mtani ni mtani. Siku ya msiba wa mama yake, Nkwabi alikuja amevaa gauni la marehemu, akakaa mlangoni na kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe kuku. Waombolezaji walicheka huku machozi yakiwatoka. Ndivyo watani walivyo. Na kwa miaka yote hiyo, kila alipopita hapa, Nkwabi alikuwa na wimbo mmoja: kesho nauvunja huu mwamba, nakuuzia kokoto. Teodora naye alikuwa akimjibu avunje kwanza yale meno yake mawili yaliyobaki, hayamsaidii kitu.

Mwezi wa sita akakuta alama nyekundu ya rangi imechorwa katikati ya jiwe. Akacheka peke yake. Akachukua majivu, akaisugua ikatoka, akaanika kunde juu yake.

Wiki ileile wakaja vijana wa kuvunja mawe, wakiongozwa na mwanamume mwenye kifua kama pipa anayeitwa Kashindye. Walileta magogo na nyundo. Kazi yao haina siri: moto unawashwa juu ya mwamba mpaka uive, unamwagiwa maji, unapasuka, nyundo zinamalizia. Teodora akawakaribisha vizuri, akawauliza mtani wake amewalipa nini ili waje kumtania hivyo. Wale vijana wakatazamana.

Nkwabi akatoka.

"Mtani, ondoa vitu vyako. Leo sitanii."

"Hata jana ulisema hivyohivyo," akajibu Teodora, na majirani wakaangua kicheko.

Nkwabi hakucheka. Alivua kofia, akaikunja, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliye kanisani. Teodora anasema hapo ndipo alipoelewa. Miaka yote aliambiwa ukweli akadhani ni mchezo.

Maana Nkwabi naye ana lake. Binti yake Dorcas amerudi kutoka Geita baada ya kufiwa na mume, ana watoto watatu, wanalala sebuleni chini. Kiwanja cha Nkwabi ni kidogo na mwamba umekaa katikati yake kama bwana harusi. Anataka kumjengea mtoto vyumba viwili, na mawe ya msingi ayapate hapohapo.

Teodora hapingi. Dorcas huwa anamsaidia kumenya viazi, na kuna siku Teodora anashindwa kumtazama usoni. Lakini yeye naye ana midomo saba nyumbani.

Alijaribu kumshawishi Nkwabi ajenge juu ya mwamba, mbona mjini nyumba kibao zimekaa juu ya mawe na hakuna iliyoteleza. Nkwabi alijibu kwamba yeye si pimbi. Teodora akamwambia tofauti ni masikio tu. Walikuwa wanarudi kwenye utani, lakini kila mmoja akiusema kama mtu anayetafuna kitu kilichoungua.

Mwisho Nkwabi alitoa neno mbele ya watu. Chakula hakichomwi moto, alisema, hata cha adui. Atasubiri kilichoanikwa kikauke. Mwamba ukibaki mtupu, anawasha.

Hakusema Teodora asiongeze kingine.

Tangu siku hiyo Teodora hatulii. Kunde anapanda kwa zamu, tuta hili likichumwa lile linachipua. Anamwagilia asubuhi na jioni. Majani yakipungua anakata viazi. Viazi vikipungua anakwenda mpaka Buzuruga kuomba matembele kwa dada yake. Kichekesho ni kwamba jua kali, ambalo zamani aliliombea, sasa linamtia presha. Kila kinachokauka haraka kinamkaribisha Kashindye.

"Nalima kama mtu anayefukuzwa," anasema. "Ila ghalani kuna magunia sita ya michembe. Sijawahi kuwa nayo hivyo."

Nkwabi si mjinga. Kila asubuhi anauzunguka mwamba mikono mgongoni, anatafuta upara. Akiulizwa, anasema mtani wake anadhani yeye hana macho. Alitoa neno, naye hataliramba. Lakini magogo ya Kashindye hajayarudisha. Yako pale ukutani, yamefunikwa turubai.

Mpango wa Teodora ni kufika mvua za vuli. Zikianza, wavunja mawe wanarudi vijijini kulima, na jiwe bichi la mvua haliivi kwa moto. Hapo atakuwa na miezi ya kutosha kukaa na Nkwabi na Yeremia wapime upya, waone kama vyumba vya Dorcas vinaweza kuegemea upande wa nyuma wa mwamba, uso wake ukabaki. Yeremia ameshajitolea kubeba mawe kutoka kwingine kwa baiskeli, hata kama ni moja moja.

Saa nne wingu linapanda kutoka ziwani, zito, tumbo jeusi. Si la msimu, lakini limekuja. Teodora anasimama na ungo mkononi. Akiacha, nsansa zitaoza. Akianua, mwamba utakuwa mtupu, na mvua ya kupita ikikatika tu, moto unawashwa.

Tone la kwanza linampiga shavuni, na hapo hafikiri tena. Anakusanya kwa mikono, kwa kanga, kwa kifua. Dorcas anakuja mbio, wanaanua pamoja, wanaingiza ndani mpaka jani la mwisho. Mwamba unabaki wazi, mweupe, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita.

Kashindye, aliyekuja kukagua magogo yake na sasa amejibanza chini ya turubai, anamtazama Nkwabi. Nkwabi anatoka taratibu, anausogelea mwamba, anatafuta na hapati kitu.

Teodora anampita. Anapanda juu ya jiwe na gauni lake lililolowa, anajinyoosha chali, mikono kando.

"Mtani," anasema Nkwabi, "vyote umeanua. Hapo kimebaki nini?"

"Mimi. Nimeanikwa," anajibu Teodora, macho ameyafumba, mvua ikimpiga usoni. "Nikikauka, washa."