Pini na Maneno Yaliyobadili Kazi

Mpwa wangu tunamwita Pini kwa sababu alijifunzia kutambaa chini ya cherehani ya mama yake, na kila pini iliyoanguka aliiona yeye kwanza. Akili hizo alizitoa kwangu. Dada yangu anabisha, lakini yeye ni fundi nguo. Mambo ya akili aniachie mimi niliyefika darasa la sita. Na msicheke, lilikuwa la sita la zamani.

Riziki ya dada yangu haiko kwenye nguo mpya. Iko kwenye kufumua na kushona upya: suruali ya baba inakuwa kaptura ya mtoto, gauni lililobana linaongezwa ubavuni. Pini amekulia humo, kiasi kwamba hata leo akishika nguo huigeuza kwanza upande wa ndani, aone imetoka wapi.

Akiwa shule ya msingi, ukutani palikuwa na ubao wa kanuni kwa Kiingereza, na kila mstari ulikuwa na "shall".

"Mjomba," akaniuliza, "mbona walimu wenyewe hawalisemi hilo neno?"

"Limestaafu," nikamjibu papo hapo.

Nilikuwa natania, lakini mtoto hakucheka. Akataka kujua lilistaafu lini, na nani kashika nafasi yake. Swali hilo likampeleka mpaka chuo kikuu. Kila likizo alirudi na habari za maneno ya ukoo huo: mara "can" zamani lilikuwa kujua jambo, mara "may" lilikuwa kuwa na nguvu, mara "must" lilianza kama ruhusa, likageuka amri, na siku hizi watu wanalikwepa kwa ukali wake. Dada yangu husikiliza na pini mdomoni, halafu huuliza, "Na hayo yatakulisha?"

Lilikuwa swali la haki. Pini alikuwa anafundisha kwa kibarua katika shule ya jioni ya watu wazima. Mwaka huu ikatangazwa nafasi moja ya kudumu. Kila mwombaji afundishe somo mbele ya Mkuu wa shule, na wanafunzi wa mfano aje nao mwenyewe. Akiikosa, hata vile vipindi vya kibarua angepewa huyo aliyeipata, naye arudi kushona vifungo.

Wanafunzi wake tukawa mimi na mama yake. Darasa dogo, lakini lilikuwa na mimi.

Somo zima alilichora kwenye chati kubwa, kwa wino mwekundu, juu ya ile karatasi pana ya kahawia ya kukatia mitindo. Asubuhi ya siku yenyewe akaiacha juu ya meza ya kazi, akaenda kuoga. Sasa, katika nyumba ile, karatasi pana ikiwa juu ya meza hiyo, haiulizwi. Dada yangu akaja na mkasi wake, akaikata mitindo ya koti la mteja, mikono, kola na mfuko, akaviviringisha, akafunga utepe. Pini akatoka mbio, akachukua lile furushi, tukaondoka.

Mbele ya Mkuu, mtu mzima mwenye miwani shingoni, Pini akafungua utepe. Ukaanguka mkono wa koti. Halafu mwingine. Kwenye kola palisomeka nusu ya "should".

"Mama!"

"Ilikuwa juu ya meza," dada yangu akasema taratibu.

"Mwalimu, tuendelee?" Mkuu akauliza, akitazama saa.

Pini alisimama na kola mkononi. Nikafungua kinywa niokoe jahazi, dada yangu akanikanyaga mguu. Ndipo mtoto akavua koti alilovaa, akaligeuza ndani nje, akalitandaza mezani.

"Hili lilikuwa la babu," akasema. "Mama akalipunguza, akalivaa yeye. Akalipunguza tena, likawa langu. Mjomba, njoo. Unaona nini hapa begani?"

"Matundu ya sindano."

"Ya mshono wa babu. Koti limebadili kazi, alama zimebaki. Sasa sema: mtu ambaye kesho atachelewa, tunamwitaje?"

"Atakayechelewa. Yaani huyu mama yako."

"Rudia polepole."

"A-taka-ye… Haa! Kuna 'taka' humu ndani!"

"Wapo wataalamu wanaosema hiyo 'ta' ya kesho ilitokana na kutaka. Na Waingereza walipita njia hiyo hiyo: 'will' lilikuwa kutaka, leo linasema kesho."

Akaendelea hivyo, mshono kwa mshono, mikono ya karatasi akiipachika ubaoni kwa pini. Dada yangu, ambaye hajawahi kuuliza swali darasani maisha yake yote, akanyoosha mkono. "Kwa hiyo 'must' likibana, watu wanaongeza kitambaa?"

"Wanavaa jingine, Mama. 'Have to'. 'Need to'. Ni mapana kidogo."

Mkuu akavaa miwani. "Na 'shall', mwalimu? Mimi nilifundishwa hilo kwa fimbo. Nilitupe?"

"Usilitupe, Mkuu. Mikataba na sheria bado vinalivaa. Wewe tu usiende nalo sokoni."

Akacheka mpaka miwani ikaanguka. Kisha akamgeukia dada yangu. "Huyu umemfundisha wewe?"

Dada yangu akainamisha kichwa. Mimi nikaanza, "Kusema kweli, msingi niliuweka mi—"

"Ataanza Jumatatu," Mkuu akasema. "Kwa kudumu."

Pini akakaa chini, kwenye kiti changu mimi, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Mama yake akamfuta uso kwa ncha ya mtandio. "Basi, mwanangu," akamwambia. "Kumbe yanalisha."

Jumatatu jioni nikawahi kiti cha mbele darasani kwake. Pini akaingia, akaniona, akashika kiuno.

"Mjomba, hapa wanakaa walioandikishwa."

Nikaenda kujiandikisha. Wameniweka kwa wanaoanza.