Samaki Niliyemficha Kwenye Wali

Siivumilii harufu ya maziwa ya kibuyu, yale yanayonukia moshi. Hapa sokoni Garsen wenzangu huyanywa palepale wakipiga soga. Mimi huzunguka nyuma ya vibanda nisiyanuse.

Mdogo wangu Mwanaisha hakula kitu kingine. Wali mweupe na maziwa hayo juu yake, katika bakuli lake la buluu, basi. Kwetu Kau sote tulizunguka sinia moja, ila yeye alikaa nyuma yangu, ameniegemea mgongo, kwa kuwa ni mimi niliyempakulia. Hakuwa akisema. Bibi alimtania, "Malkia wetu hali na raia!" Tukacheka, naye akala zake.

Mwaka mmoja jua lilizidi, Waorma, wafugaji wa huko, wakahamisha ng'ombe, na mwanamke wao aliyekuwa akituletea maziwa hakuonekana tena. Mwanaisha akawa anadonoa wali mkavu, mbavu zikamtoka. Majirani nao hawakukosa neno: anadekezwa huyo, mnyimeni, njaa itamfunza. Mama alikuwa akilia jikoni, akisingizia moshi.

Nami, na miaka yangu tisa, nikajiona mjanja. Nikamchambua kambare, nikatoa kila mwiba, nikamsaga kwa vidole mpaka asionekane, nikamchanganya na wali. Mwanaisha alitia tonge mdomoni, akaacha kutafuna. Akageuka kunitazama mimi, wala si bakuli. Akatema, akalipindua bakuli taratibu, akaondoka mgongoni mwangu.

Tangu siku hiyo hata wali akaukataa. Lo, nilivyolia! Mama akaanza upya kwa uji, kijiko kwa kijiko.

Miaka baadaye nesi mmoja alimweleza mama kwamba mtoto ana usonji, na chakula kipya kiwekwe kando tu, akione, akinuse, akiguse, asilazimishwe. Mama akawa anaweka kipande cha ndizi kando ya bakuli kila siku. Wiki nyingi zilipita Mwanaisha akikinusa tu. Siku aliyokilamba, mama alipiga kigelegele mpaka kuku wakatimka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Utotoni nilidhani amemchukia samaki. Ukubwani ndipo nilipoelewa kuwa ni mimi asiyeniamini tena. Leo anakula ndizi, mayai, hata kambare, mradi mama ndiye aliyempakulia.

Idi iliyopita nilimpelekea bakuli kwa mikono yangu. Alilinusa, akanirudishia, akakaa kumngoja mama. Mama sasa ana miaka sabini, na mikono imeanza kumtetemeka.